Makaburi ya Tengeru: Mkimbizi, Mlowezi na Haki ya Mgeni



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali na familia moja ya Unguja. Kijana wao anasoma Arusha. Wazazi walipokwenda kumtazama, mwenyeji wao aliwachukua Tengeru kuwaonesha makaburi ya Wazungu yaliyoko huko. Baba akaingia, kijana akabaki nje ya geti. Kijana alitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba Muislamu haruhusiwi kuingia makaburi ya wasiokuwa Waislamu, na tena humo wamezikwa Mayahudi. Ya pili, kwamba hao ndio Wazungu walioipora ardhi ya Wameru. Baba na mwana wamerudi nyumbani hawajapatana, na wametuomba tuwaelezee.

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulijua jambo lenyewe. Kwa hiyo tutaanza na historia, kisha tutakuja kwenye fiqhi.

Ni nani waliozikwa Tengeru?

Tengeru ipo yapata kilomita 13 mashariki ya mji wa Arusha, katika njia ya kwendea Moshi, chini ya Mlima Meru na karibu na Ziwa Duluti. Makaburi yenyewe yamezungushiwa ukuta na yanatunzwa. Yanakaribia 150, na wengi wa waliozikwa humo ni watu wa Poland: Wakatoliki, Waorthodoksi na Mayahudi.

Hawa hawakuja kutafuta mashamba. Mwezi wa Septemba 1939, Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na baada ya siku chache Umoja wa Kisovieti ukaivamia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940, Wasovieti wakaanza kuzihamisha familia kwa nguvu. Watu walitolewa majumbani usiku, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan kufanyishwa kazi ngumu. Njaa, baridi na maradhi viliua wengi.

Mwaka 1941 Ujerumani iliwageukia Wasovieti wenyewe. Ndipo yakafanyika makubaliano, na Wapolandi waliobaki hai wakaruhusiwa kutoka. Katika mwaka 1942, zaidi ya watu 100,000, askari na raia, walivuka kuingia Iran, wengi wao kwa meli kupitia Bahari ya Kaspi. Tuliangalie hili vizuri. Nchi ya mwanzo kuwapokea watu hawa baada ya mateso yao ilikuwa nchi ya Waislamu. Isfahan ilipokea mayatima wengi wa Kipolandi kiasi cha kuwa mpaka leo Wapolandi wanaukumbuka kuwa ni mji wa watoto wao.

Wanaume wenye nguvu waliingia jeshini kupigana upande wa Waingereza. Wanawake, watoto na wazee wakatawanywa katika nchi mbalimbali: India, Mexico, New Zealand na Afrika. Hapa Afrika Mashariki walipelekwa Masindi na Koja kule Uganda, na katika Tanganyika walipelekwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Tengeru. Tengeru ikawa kambi kubwa kuliko zote, ikakaa watu wanaokaribia 5,000 katika vijumba vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto.

Na walowezi je?

Kijana wetu hakukosea kusema kuwa ardhi ya Meru iliporwa. Alikosea kuhusu aliyeipora.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha katika miaka ya 1899 na 1900, na waliolijenga walikuwa Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi. Baadaye serikali ya Kijerumani ikawagawia wageni ardhi kuuzunguka mlima. Wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Wakaja pia Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua mashamba ya Wajerumani na kuyauza kwa wageni wengine, wakiwemo Wagiriki waliokuwa wakilima kahawa. Hao ndio walowezi. Wenyeji walibanwa kati ya msitu wa juu ya mlima na mashamba ya chini.

Kilele cha dhulma hiyo kilikuwa mwezi wa Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, watu na mifugo wakahamishwa kwa nguvu. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kusimama mbele ya dunia na kueleza kilichowafika. Ardhi haikurudishwa siku ile, lakini sauti ile iliwaamsha watu wa Tanganyika nzima.

Basi, katika zama zile zile, chini ya mlima ule ule na serikali ile ile, kulikuwa na Wazungu wa aina mbili. Kuna aliyefukuzwa kwao akaja kuhifadhiwa, na kuna aliyepewa ardhi ambayo mwenyewe alifukuzwa. Rangi yao ni moja, hali zao mbele ya haki ni mbali mbali. Anayewahukumu kwa rangi atamuonea mmoja na atashindwa kumwelewa mwengine.

Walibeba nini?

Mwenye kuhama kwa hiari hubeba masanduku. Mwenye kufukuzwa hubeba kilichomo kichwani na kifuani mwake. Wapolandi wa Tengeru walifika karibu mikono mitupu, lakini katika muda mchache walikuwa na skuli za watoto kwa lugha yao, hospitali, kanisa, karakana za ufundi na mashamba. Mtoto aliyezaliwa Poland, akaugulia Siberia na kupumzika Iran, alisoma historia ya kwao chini ya Mlima Meru.

Hivyo ndivyo wafanyavyo wahamiaji popote walipo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi Marekani ilipobana milango kwa sheria ya 1924, mamilioni ya watu wa Ulaya walivuka bahari kwenda huko: Wataliana, Wapolandi, Mayahudi wa Urusi na Poland. Mayahudi waliofika New York walianzisha magazeti kwa lugha yao ya Kiyidi, na wakaunda vyama vya watu wa mji mmoja wa asili. Moja ya kazi kubwa za vyama hivyo ilikuwa kununua eneo la makaburi ili mtu wao asizikwe kama asiye na wenyewe. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili kwa urefu, kwani kuzikana tunakujua.

Na tukijitazama wenyewe, nani kati yetu asiye mtoto wa mhamiaji? Wazee wetu walitoka Hadhramaut, Oman, Ngazija, Bara Hindi na Bara yetu hii. Baadhi ya masheikh waliotufundisha chuoni walirithi elimu iliyovuka bahari kwa majahazi.

Vita vilipomalizika, Wapolandi wengi wa Tengeru hawakuwa na pa kurudi, kwa kuwa maeneo waliyotoka yalikuwa yamechukuliwa na Wasovieti. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Australia. Mwaka 1949, Padri Lucjan Królikowski, ambaye naye aliwahi kuhamishwa kwa nguvu na Wasovieti, alisafiri na mayatima wapatao 150 kutoka Tengeru kupitia Italia hadi Kanada. Wachache walibaki hapa mpaka mwisho wa maisha yao. Na wale wa makaburini, safari yao iliishia Tengeru.

Hukumu ya kuingia makaburini

Sasa tuje kwenye fiqhi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliomba ruhusa ya kumtakia mama yake maghfira asiruhusiwe, akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake akaruhusiwa, na akatuamrisha kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha mauti. Kwa dalili hii, Imam An-Nawawi katika Al-Majmu' amesema kuwa kauli sahihi ni kujuzu kuzuru kaburi la asiyekuwa Muislamu. Kwa hiyo baba hakufanya kosa. Mipaka yake ni kwamba asiwaombee maghfira, asishiriki ibada zao, na ziara yake iwe ni ya kuzingatia.

Ama kuhusu Myahudi aliyezikwa humo, imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopitishwa jeneza. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi. Jawabu lake lilikuwa kuuliza kama huyo naye si nafsi. Wanazuoni wamekhitalifiana kama hukumu ya kusimama imebaki au imefutwa, lakini hatumjui mwanachuoni aliyesema kuwa heshima iliyomo katika jawabu lile imefutwa.

Tunajua kijana wetu ana uchungu wa Palestina, na sisi tunao. Lakini Allah ametukataza katika Surat Al-Maidah, aya ya 8, kuruhusu chuki tuliyonayo juu ya watu itutoe katika uadilifu. Mwanamke wa Kiyahudi aliyefukuzwa kwao mwaka 1940 na akafia Tengeru hakumnyang'anya mtu nyumba. Yeye ndiye aliyenyang'anywa. Na Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, imeweka mzani wazi: tusiokatazwa kuwafanyia wema na uadilifu ni wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Kumbe kumtoa mtu nyumbani kwake ni jambo zito kiasi cha kutajwa pamoja na vita.

Mzani huo huo unamhukumu mlowezi. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kuchukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Onyo hili halichagui Mzungu wa Engare Nanyuki peke yake. Linamgusa pia Muislamu anayesogeza mpaka wa shamba la mayatima Pemba, na anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili Unguja. Tusiulilie uporaji wa mlimani huku tunaufumbia macho wa mtaani kwetu.

Nasaha kwa familia

Wazee wetu, watoto wetu leo wanahama. Wapo Arusha katika utalii na biashara, wapo Muscat na Dubai, wapo London na Toronto. Mtoto akiondoka, sanduku lake litakaguliwa uwanja wa ndege, lakini kitakachomhifadhi ni kile mlichomtilia kifuani kabla ya safari: Qur-ani yake, sala yake, adabu yake na lugha yake. Msingoje mpaka afike ugenini ndipo muanze kumfundisha kwa simu.

Na akifika huko, mfundisheni awe mgeni mwema. Maswahaba waliohamia Uhabeshi walihifadhiwa na mfalme Mkristo. Hawakumficha imani yao, na hawakuisahau hisani yake. Na anapokuja mgeni kwetu, tukumbuke namna Ansari walivyowapokea Muhajirina wa Makka.

Kwako kijana wetu: tunaupenda wivu wako wa dini na uchungu wako kwa Wameru. Uyahifadhi yote mawili, na uongeze elimu. Safari ijayo muombe baba yako mwende tena pamoja. Ingia, usome majina na miaka, uikumbuke mauti. Kisha ukipata nafasi fika Engare Nanyuki, ukae na wazee wa Kimeru, uwasikilize. Hapo utakuwa umempa kila mwenye haki haki yake.

Tunamuomba Allah awape hifadhi wote waliofukuzwa majumbani mwao kwa dhulma, Palestina, Sudan na Kongo, awarejeshe kwao kwa amani, na atujaalie sisi na kizazi chetu tuwe miongoni mwa waadilifu. Amin.

Wallahu a'lam.