Mtoto Akinawiri, Dawa Bado

Mtoto akipatikana na saratani ya damu, mitaa yetu ya Pwani hujitolea vilivyo. Kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku uo huo, namba ya M-Pesa husambazwa, na baada ya Isha dua husomwa msikitini. Mwezi au miwili baadaye mtoto hurudi nyumbani na mashavu yake, watu hushukuru Mungu, na kundi hunyamaza. Leo nataka kueleza kwa nini ukimya huo huja wakati mbaya. Nimeyaona haya kwa dada yangu, Likoni, ambako mpwa wangu alianza matibabu akiwa na miaka mitano. Sasa ana minane.

Damu hutengenezwa kwenye uboho, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Katika aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto, chembe nyeupe changa huzaana bila kukomaa, zikajaa humo hadi nyingine zikakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto hupauka, homa haziishi, fizi hutoka damu na mwili hufanya madoa kama aliyepigwa. Mpwa wangu alianza kwa kulia miguu na kukataa kutembea. Akatibiwa malaria, kisha watu wakadhani ni siko seli, na nyanya yake akasema ni kijicho. Kombe alikunywa na dua alisomewa, na sioni ubaya wa dua. Mitishamba ndiyo nisiyoitaka: dawa za saratani zenyewe huweza kulielemea ini, na huwezi kujua kikombe cha mizizi kitaongeza nini.

Sasa hapa pataka utulivu. Siku ugonjwa unapogunduliwa, mwilini mwaweza kuwa na chembe mbovu zipatazo trilioni moja. Kemo ya wiki nne au tano za mwanzo hufagia nyingi mno, na uboho ukipimwa kwa darubini huonekana safi. Lakini darubini ina kikomo chake. Mabilioni yaweza kuwa yamebaki na yasionekane. Muuguzi mmoja alimweleza shemeji yangu kwa mfano wa ndago: ukikata majani, shamba laonekana limelimwa, na mizizi iko chini yangoja mvua. Kwa hivyo matibabu huendelea kwa miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa yake nyumbani: vidonge kila usiku, vingine mara moja kwa wiki, damu ikipimwa na kiasi cha dawa kupandishwa au kushushwa. Kuna na sindano za mgongoni, ambazo mtaani husemwa kuwa hupoozesha. Hupigwa kwa sababu dawa ya mshipani haifiki vizuri kwenye ubongo, na chembe hizi huweza kujificha huko.

Na yale mashavu? Miongoni mwa dawa za mwanzo mna steroidi, ambayo humtia mtoto njaa ya ajabu na kumvimbisha uso. Mpwa wangu alikuwa akiamka saa nane za usiku akidai mahamri na mbaazi. Majirani walipomwona wakasema kanenepa, kapona. Hata baada ya ule uvimbe kushuka, maneno hayakwisha. Mzee mmoja barazani akamwambia baba yake: "Mtoto mzima huyu, mwamnywesha sumu ya nini?" Neno lenyewe lilikuja mwezi wa tano, pesa za mchango zimekwisha, tuktuk anayoendesha imeharibika, na bangili za dada zimeshauzwa. Shemeji akakaa wiki nzima akilipima. Simlaumu. Lau si ule mfano wa ndago, nadhani angeacha.

Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani hupona. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau asilimia 60 dunia nzima kufikia 2030, na moja ya mambo yanayozirudisha nyuma nchi kama yetu ni familia kuacha matibabu katikati. Hawaachi kwa ujinga. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina fungu la saratani lenye kikomo, na haimlipi mama nauli wala zile siku asizouza viazi karai. Sisi tulilifufua lile kundi likiwa na watu 12 tu, shilingi 200 kila Ijumaa hadi vidonge viishe. Wengine walijiandikisha kutoa damu kwa zamu, maana zile chembe za kugandisha damu haziwekeki zaidi ya siku chache.

Nyumbani nako kuna sheria zake. Homa ikifika nyuzi 38 ni hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane, wala si kumpa panadol na kungoja kuche. Tetekuwanga, ambayo kwa mtoto mwingine ni kujikuna tu, kwake yaweza kuua. Dada alivuka naye feri mara tu baada ya Alfajiri, barakoa usoni, kabla umati haujafurika. Binti yake wa miaka tisa alihamishiwa kwa nyanya, akaanza kukojoa kitandani, na siku moja akauliza kama naye akiugua atarudishwa nyumbani. Tangu hapo shemeji akawa anamchukua kila Ijumaa kwa tuktuk, wao wawili tu.

Vidonge vilikwisha mwaka jana, na siku ile dada alilia kwa hofu, si kwa furaha. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi ni katika miaka ya mwanzo, kwa hivyo kliniki ziko bado. Kijana yuko darasa moja nyuma ya wenzake wa rika. Kuna mzazi aliyetaka mwanawe asikae naye dawati moja, ilhali saratani haiambukizi, mwalimu akakataa. Mpira anacheza. Akirudi na doa la buluu mguuni, mamake humuuliza mara tatu aliangukia wapi.