Fani na Maudhui katika "Tintin au Congo"

Mhakiki wa hadithi ya picha hana budi kuuliza maswali mawili: imechorwaje, na yasema nini? "Tintin au Congo", kazi ya Mbelgiji Hergé iliyotoka gazetini mwaka 1930 hadi 1931, yajibu maswali hayo kwa namna mbili zinazopingana.

Kifani, hadithi hii ina nguvu. Mistari ni safi, matukio yafuatana upesi, na kila picha humvuta msomaji kwenye ile ifuatayo. Hata mtoto wa Nanighi, kando ya Mto Tana, asiyejua neno la Kifaransa, aweza kuifuata safari ya Tintin na mbwa wake Milou.

Udhaifu umo katika maudhui. Hergé hakupata kufika Kongo. Waafrika wake wamechorwa takriban kwa sura moja, nao husemeshwa Kifaransa kibovu, hali Tintin husema sanifu. Hivyo watu wenye lugha zao timamu, Kiswahili kikiwa mojawapo, huonekana kama wasio na fikra. Mwaka 1946 Hergé aliichora upya: somo la kuwafunza watoto wa Kongo kwamba Ubelgiji ni nchi yao likageuzwa kuwa hesabu. Usemi ule mbovu ulibaki.

Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa kuipiga marufuku. Basi kazi imebaki kwa wahakiki na walimu. Yule mtoto wa Nanighi huzielewa picha bila mkalimani. Na dharau iliyomo humfikia vivyo hivyo, bila mkalimani. Ubora wa fani ndio unaoipa hatari yake.