Ngitili au miche: eka ipi ifufuliwe kwanza Kolandoto

Mwenye eka kumi zilizochakaa huku Kolandoto, Shinyanga, hawezi kuzifufua zote kwa msimu mmoja. Ningekuwa yeye, ningeanza na eka yenye visiki vinavyochipua, hata kama kuna nyingine inayotia uchungu zaidi kuitazama.

Tupige hesabu. Kwa nafasi ya mita nne kwa nne, eka moja inakula miche kama 250. Kila mche ukipewa lita kumi mvua zikikata, hizo ni lita 2,500, yaani ndoo 125 za lita ishirini, kwa kumwagilia mara moja tu. Zidisha kwa bei ya ndoo mtaani kwako. Ongeza vibarua wa kuchimba mashimo, na miche ya kuziba mapengo ya mchwa na mbuzi.

Ngitili, yaani eneo linalofungwa lisilishwe ili lijiotee upya, haidai ndoo hata moja. Kisiki cha mgunga tayari kina mizizi iliyoshika chini. Kazi yako ni kuzuia mifugo tangu mvua zianze hadi kiangazi, kisha kuifungulia sehemu kwa sehemu. Unacholipa ni malisho unayojinyima, na kwa mwenye ng'ombe wengi hayo si madogo, kwa hiyo funga nusu kwanza. Chagua pia eneo la karibu na nyumbani. Ngitili ya mbali italishwa usiku, labda sheria ndogo za kijiji na sungusungu wawe imara kweli.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, miaka ya mwanzo ulitegemea sana vitalu vya miche, ndipo ukageukia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe. Mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN uliotoka 2005 ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, ukijumlisha kuni, majani, dawa, asali na miti ya kujengea.

Miche iwekwe mipakani, uani na pasipobaki kisiki. Korongo tupu lingoje, isipokuwa kama chini yake kuna lambo. Hapo panga mawe kukinga maji kabla ya mvua za Novemba, maana udongo unaoshuka ndio unaolifukia.