Udalali wa mtandaoni: utajuaje kama unalipa kabla hujamaliza bando lako?

Lamu haihitaji kufundishwa udalali. Anayempokea mgeni gatini akamfikisha nyumba ya kulala wageni kule Shela hupewa chake na mwenye nyumba. Nahodha anayeletewa watalii wa kwenda kuogelea Manda Toto humkumbuka aliyewaleta. Kiwanja kikiuzwa, dalali ana haki yake. Ni kazi ya tangu na tangu, na msingi wake ni mmoja: muunganishe mwenye haja na mwenye kitu, kisha upate fungu lako.

Sasa kazi hii imeingia kwenye simu, na vijana wengi huiita "afilieti". Kampuni hukupa linki yenye alama yako. Wewe huiweka Facebook, YouTube, TikTok au kwenye tovuti yako. Mtu akiibofya na kununua, kampuni hukulipa asilimia fulani. Huna duka wala mzigo wa kuweka ghalani. Amazon ilianza kulipa madalali wa aina hii mwaka 1996, wakati huo ikiuza vitabu tu, na leo mpango kama huo unao maduka ya mtandaoni, mashirika ya kuuza vyumba vya hoteli na mengineyo mengi.

Tatizo ni kwamba kazi hii huonekana haina mtaji, na kitu kisicho na mtaji watu hawakipigii hesabu. Mtaji upo: bando, saa za usiku na jina lako mbele ya jamaa na marafiki. Kuna kijana anayekesha miezi minane akitangaza bidhaa ambayo hesabu ya robo saa ingemwonyesha kuwa haiwezi kumlipa. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo, na jinsi ya kulijaribu fungu moja la bidhaa kwa siku 90 kabla ya kulikabidhi mwaka wako mzima.

Swali la kwanza: mnunuzi ni nani?

Wengi huanza kwa kuchagua bidhaa. Anza kwa kumchagua mtu. Kwa mkaazi wa Lamu kuna watu wa aina mbili walio karibu naye.

Wa kwanza ni jirani: mvuvi wa Kizingitini anayetaka taa ya jua, mwanafunzi anayetaka simu, mama anayetaka mashine ya kushonea. Huyu unamjua na anakuamini. Lakini bidhaa yake itafika Mokowe kwa basi au lori, kisha ipande boti, na kama anakaa Faza au Siyu safari bado inaendelea. Gharama ya kufikisha mzigo humfanya aghairi hata kama bei ya mtandaoni ni nzuri, na akighairi wewe huna kitu.

Wa pili ni mgeni anayepanga kuja. Huyu yuko Nairobi, Ujerumani au Marekani, na ana maswali ambayo wewe unayajua majibu yake tangu utotoni. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda navuka vipi? Naweza kutembea kwa miguu ufukweni kutoka mjini hadi Shela? (Inategemea maji: yakijaa njia hufunikwa.) Mwezi wa tano nyumba zimefunguliwa? Maulidi yanakuwa lini? Nivae vipi nikipita mitaani? Jibu lako ni bidhaa tayari, na chini ya jibu hilo linki ya chumba au ya begi lisiloingia maji ina mahali pake.

Chagua mmoja kati ya hawa wawili kwa jaribio la kwanza. Anayetaka kuwauzia wote hamuuzii yeyote.

Swali la pili: watu wanauliza kweli?

Usibahatishe. Andika maneno ya mwanzo ya swali kwenye Google, kwa Kiingereza kama mnunuzi wako ni mgeni, na utazame jinsi Google inavyojaribu kulimalizia. Maneno yanayojitokeza ni yale watu wanayoyatafuta. Ingia kwenye makundi ya wasafiri na usome wanachouliza. Lengo ni kupata maswali 20 yaliyoulizwa na watu halisi. Ukikosa hata kumi, fungu hilo ni dogo mno, tafuta lingine.

Google Trends nayo ni ya bure, lakini ielewe vizuri. Haikupi idadi ya watu. Hukupa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua. Kwa mahali padogo kama Lamu huenda isionyeshe kitu, kwa hivyo itumie kujua msimu zaidi kuliko ukubwa wa soko. Na msimu ni jambo kubwa kwetu. Masika yakiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, nyumba nyingi za wageni hufunga. Ukijaribu linki za vyumba wakati huo ukaona kimya, usiseme biashara ni mbovu. Na ukifanya jaribio karibu na Desemba ukaona watu wengi, usidhani mwaka mzima utakuwa hivyo.

Swali la tatu: pesa itanifikia?

Kabla ya kujiunga na mpango wowote, soma masharti ujibu mambo manne: wanalipa asilimia ngapi, linki yangu inahesabiwa kwa muda gani baada ya mtu kubofya, kiasi cha chini cha kulipwa ni kipi, na wanalipa kwa njia gani.

Chukua Amazon kama mfano. Kwa kawaida, mtu akibofya linki yako ana saa 24 za kuweka bidhaa kwenye kikapu chake. Akirudi baada ya siku tatu akanunua, wewe humo. Dalali mpya asiyepata mauzo matatu katika siku 180 hufungiwa akaunti. Na malipo hutoka takriban siku 60 baada ya kumalizika mwezi wa mauzo. Maana yake ni kwamba katika jaribio la siku 90, pesa nyingi utaiona kwenye maandishi kabla ya kuiona mkononi. Weka safu mbili daftarini, ya kamisheni iliyoandikwa na ya pesa iliyoingia.

Kampuni nyingi za nje hazitumi kwa M-Pesa moja kwa moja. Hulipa kwa benki, PayPal au Payoneer. Tangu 2018 mtu anaweza kuhamisha pesa kutoka PayPal hadi M-Pesa, lakini kila mlango una ada yake. Serikali nayo ina fungu lake: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni, na kamisheni za aina hii zimetajwa humo. Yote haya yatoke kwenye hesabu kabla hujasema umepata faida.

Swali la nne: hesabu inasemaje?

Hapa ndipo daftari linapohitajika. Tufanye mfano. Kila mwezi unatumia bando la shilingi 1,000.

Fungu la kwanza ni vitabu. Kitabu ni dola 15, kamisheni ni asilimia 4.5, ambayo ni senti 67 hivi za dola. Ukihesabu dola kwa shilingi 130, unapata karibu shilingi 88 kwa kila kitabu. Kurudisha bando peke yake kunataka wanunuzi 12. Tuseme katika kila watu 100 wanaobofya, wawili hununua: unahitaji watu 600 wa kubofya. Na tuseme mmoja kati ya watazamaji 20 ndiye anayebofya: unahitaji watazamaji 12,000 kila mwezi, na bado saa zako za kazi hazijalipwa hata senti.

Fungu la pili ni vyumba. Chumba ni shilingi 6,000 kwa usiku, mgeni analala siku tatu, jumla 18,000. Tuseme wewe unapata asilimia 4, yaani shilingi 720. Wageni wawili wanarudisha bando na kukubakishia 440. Hata kama ni mmoja tu kati ya 100 wanaobofya anayechukua chumba, unahitaji watu 200 wa kubofya badala ya 600. Lakini kumbuka kwamba mgeni akifuta safari, kwa kawaida kamisheni nayo hufutika.

Fungu la tatu halihitaji kampuni ya nje. Kubaliana na mwenye nyumba ya wageni unayemjua: mgeni akija akataja neno fulani uliloliweka kwenye video yako, unapewa asilimia 10. Kwa mgeni yule yule wa siku tatu, hiyo ni shilingi 1,800, na inaingia M-Pesa siku anayolipa. Hii ndiyo njia rahisi zaidi ya kupima kama maneno yako yanaleta wageni. Yakileta, ndipo uende kutafuta linki za makampuni ukiwa na ushahidi mkononi.

Tarakimu hizi ni za mfano. Weka zako. Usiliruke swali hili.

Jaribio la siku 90

Weka mipaka miwili kabla ya kuanza na uiandike: pesa ambayo hutapita, tuseme shilingi 3,000 kwa miezi mitatu, na saa ambazo hutapita, tuseme sita kwa wiki. Kisha tengeneza vitu kumi, video au maandishi, kila kimoja kikijibu swali moja kutoka kwenye orodha yako ya 20. Kila kimoja kiwe na linki yake. Kuna huduma za bure kama Bitly za kufupisha linki na kuhesabu waliobofya.

Kila Ijumaa jioni andika tarakimu nne: waliotazama, waliobofya, walionunua, pesa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na simu haikubadilisha neno hilo.

Siku 90 zikiisha, tarakimu zitakuonyesha panapovuja. Kama hawatazami, swali lako halina wenyewe au hujalijibu vizuri. Wakitazama bila kubofya, hawajakuamini au bidhaa haihusiani na swali. Wakibofya bila kununua, bei, usafirishaji au bidhaa yenyewe ina kasoro. Wakinunua na pesa isiandikwe, ubaya uko kwenye mpango, hama.

Rekebisha palipovuja na ujaribu mwezi mmoja zaidi. Ikiwa huna hata mnunuzi mmoja na wanaobofya hawaongezeki, funga. Umepoteza shilingi 3,000 na umejua. Mwenzako atakayeendelea kwa matumaini tu atapoteza mwaka.

Tahadhari tatu

Ya kwanza: mpango wa kweli hautozi ada ya kuingia. Ukiambiwa ulipe kwanza, na kwamba utapata zaidi ukiwaleta wengine walipe, hapo bidhaa ni nyinyi wenyewe. Mwaka 2022 Wakenya wengi walipoteza pesa katika programu iliyojiita Amazon Web Worker, iliyotumia jina kubwa lisilo lake.

Ya pili: kamari. Makampuni ya kubashiri mechi hulipa madalali wake vizuri, na hesabu yao kwenye karatasi huvutia. Lakini kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwa kijana wa mtaa wako aliyepoteza nauli yake, na hapa kwetu kila mtu atajua ni nani aliyempa linki.

Ya tatu: usitegemee mgeni peke yake. Lamu inakumbuka mwaka 2011, wageni walipotekwa Kiwayu na Manda, na serikali za nje zikawaonya raia wao wasije. Tuliona tena 2020 wakati wa korona. Biashara ya kamisheni za vyumba hufa siku hiyo hiyo. Fungu la kwanza likishasimama, anza kujaribu la pili.

Mwisho, sema wazi kwamba unalipwa. Amazon huwataka madalali wake watangaze hivyo, na ni adabu yetu ya zamani pia: mgeni anayeletwa nyumbani anajua fika kwamba aliyemleta ana chake. Akimkuta godoro bovu, hatarudi kwa mwenye nyumba wala kwa dalali. Basi usitangaze chumba usichokiona wala bidhaa usiyoijua. Ukitaka kuanza wiki hii, andika yale maswali 20. Hayagharimu kitu, na ukishindwa kuyapata, umeokoa bando la miezi mitatu.