Sayansi Haiulizi Hesabu Zilikushinda Darasa la Ngapi

Watu wazima wanaotaka kurudi kusoma huku Mkuyuni, Mwanza, huja na swali moja, na limeulizwa mno hata jibu la upole limekwisha: "Mwalimu, mimi hesabu zilinikataa tangu shule ya msingi. Kuna kipimo cha kunionyesha kama kichwa changu kinafaa sayansi?" Kipimo hicho hakipo. Anayekuuzia anakuibia. Kinachopimika ni kile unachokijua na usichokijua kuhusu damu, maji, umeme, mbegu na magonjwa, na hicho unaweza kujipima mwenyewe jioni ya leo kwa daftari na kalamu. Lakini muulizaji hataki kusikia hayo. Amekuja kutafuta hukumu juu ya kichwa chake, na mara nyingi hukumu yenyewe ameshaiandika zamani. Anatafuta tu mtu wa kuigongea mhuri.

Imani ya "kichwa cha hesabu" inasema wapo waliozaliwa nacho na wapo walionyimwa, na matokeo ya shule ndiyo ushahidi. Basi tuutazame huo ushahidi. Katika mtihani wa kidato cha nne, somo la Hesabu kwa miaka mingi limefaulisha karibu robo tu ya watahiniwa, na miaka mingine chini ya hapo. Tukikubali kwamba anayefeli amezaliwa hivyo, itabidi tukubali pia kuwa watahiniwa watatu kati ya kila wanne walitoka tumboni mwa mama zao na kasoro moja, kasoro ambayo hupotea kila wanapohesabu chenji. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba tatizo liko darasani: mwalimu mmoja kwa wanafunzi lukuki, mtoto anayevushwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza siku anapoingia kidato cha kwanza, na somo ambalo ukikosa wiki mbili za sehemu, wiki ya asilimia inakukuta huna pa kusimama. Historia humsamehe aliyeugua mwezi mzima. Ataanza na sura inayofuata. Hesabu haisamehi, na mtoto asiyesamehewa hukua akidhani mwenye ila ni yeye.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto wauzaji wa barabarani mjini Recife, Brazil. Waliwauliza bei wakiwa kwenye biashara zao, kama wateja wa kawaida: nazi kumi ni kiasi gani, nirudishie ngapi. Watoto walipatia asilimia 98. Baadaye wakawapa watoto walewale, kwa namba zilezile, maswali yaliyoandikwa kishule. Hesabu tupu za kujumlisha na kuzidisha walipatia asilimia 37 tu. Zilipowekwa ndani ya hadithi fupi, wakapanda hadi 74. Watoto walikuwa watano tu, na mtu mwangalifu atasema hao ni wachache. Sawa. Lakini mtafiti Jean Lave aliona jambo lilelile kwa watu wazima wa California wakiwa madukani na kisha wakiwa mbele ya karatasi, na yeyote anayefanya biashara hapa ufukweni mwa Ziwa Victoria hahitaji kwenda California. Tuseme mama amenunua gunia la dagaa kwa shilingi 144,000 na linampa visado 24. Kabla gunia halijafunguliwa ameshajua kila kisado kimemgharimu 6,000, kwamba akiuza 7,500 anabaki na 36,000, na kwamba ushuru na nauli vikila 8,000 faida ni 28,000. Hapo amegawanya, amezidisha na kutoa mara mbili. Mwandikie hayo ubaoni kwa alama za shule, atakwambia hesabu zilimkataa.

Wapo wanaojibu kwamba ubongo wa watu haulingani, na ni kweli. Kuna hali iitwayo diskalkulia, ambayo mtu hushindwa hata kulinganisha mafungu madogo ya vitu bila kuyahesabu kimojakimoja. Watafiti huikadiria kwa asilimia 3 hadi 7 ya watu. Hiyo ni hali halisi, huanza utotoni, na anayekuwa nayo huhangaika hata sokoni na hata kwenye saa ya ukutani. Kama sokoni huhangaiki, uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Wengine huja na ile habari ya ubongo wa kushoto wa hesabu na wa kulia wa sanaa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wasikute watu wa kushoto wala watu wa kulia. Kinachoonekana wazi zaidi ni woga. Mark Ashcraft na wenzake walionyesha kwamba hofu ya hesabu hukalia sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kushika namba tunapokokotoa. Anayeogopa hubaki na nafasi ndogo ya kufanyia kazi, hukosea, na kosa lile humthibitishia hofu yake. Halafu, kwa aliyevuka miaka 40, kuna jambo la kawaida kabisa ambalo hakuna anayelitaja: macho. Nukta ya desimali usiyoiona haihusiani na akili.

Sasa tuje kwenye chupa. Kila msimu wa mitihani huzuka wauzaji wa vidonge vya kuongeza kumbukumbu, dawa za kufungua akili na mafuta ya samaki ya kunoa ubongo, na wanaonunua ni walewale wanaosema ada ya kozi ni ghali. Ginkgo, jani maarufu kuliko yote katika biashara hii, lilijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069 kwa wastani wa miaka sita hivi, wengine wakipewa dawa na wengine kidonge kitupu bila kujua nani kapewa nini. Matokeo yalitolewa mwaka 2008 na yaliyofuata 2009: halikuzuia usahaulifu wa uzeeni wala halikufanya kumbukumbu zao zidumu zaidi. Kuhusu samaki, kuleni. Sangara, sato na dagaa ni chakula kizuri, na hakuna mahali pa kuwapata wabichi zaidi ya hapa. Ila kama kichwa cha samaki kingefundisha asilimia, wilaya zote zinazopakana na ziwa zingeongoza taifa kila mwaka. Aliyekunywa dawa ya akili mwezi mzima bila kufungua kitabu atakuwa amepoteza mwezi, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko fedha.

Tukishaweka hayo pembeni, tuone sayansi yenyewe inamuuliza nini mtu mzima. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew kiliwapa Wamarekani maswali 11 ya sayansi. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa 6.7. Karibu yote yalihusu maana: kwa nini antibayotiki zinaacha kufanya kazi, nini husababisha majira ya mwaka, jaribio zuri linapangwaje. La kukokotoa lilikuwa kama hili: gari linalokwenda maili 40 kwa saa litafika umbali gani kwa dakika 45. Ni robo tatu ya 40, na kondakta wa daladala ya Nyegezi hufanya zaidi ya hapo huku mguu mmoja uko nje. Swali linalopima zaidi limekuwemo kwa miaka mingi katika tafiti nyingine za Marekani, na kwetu ni zito kuliko kwao: daktari amewaambia mume na mke kwamba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi. Je, mtoto wa kwanza akizaliwa nao, watatu wanaofuata watakuwa salama?

Kanda ya Ziwa ugonjwa huo una jina, selimundu, na jibu ambalo wengi hulitoa ni kwamba wa kwanza ameshachukua fungu lake. Jibu hilo limezalisha maumivu mengi, na halikutokana na kutojua kuzidisha. Chukueni sarafu mbili za shilingi 200, moja ya baba na moja ya mama. Upande wa Karume uwe kinasaba kizima, upande wa simba uwe kinasaba cha selimundu. Rusheni zote mbili pamoja. Yapo matokeo manne: Karume na Karume, Karume na simba, simba na Karume, simba na simba. La mwisho tu ndilo mtoto mgonjwa. Rusheni mara 40 na simba wawili watatokea mara kumi hivi, pengine saba, pengine 13, na wakati mwingine mara mbili mfululizo, kwa sababu sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo. Kila mimba ni mrusho mpya. Anayependa namba aende hatua moja mbele: upimaji wa damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi ya Tanzania ulikuta karibu mmoja kati ya watano ana kinasaba hiki bila kuugua. Kwa hiyo katika ndoa 25, takriban moja ina wazazi wote wawili wenye nacho, na robo ya watoto wa ndoa hiyo wataugua, yaani mtoto mmoja kati ya 100. Upimaji wenyewe ulikuta zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100. Umeshafanya jenetiki na takwimu kwa sarafu mbili, na hakuna mtu aliyekuuliza jedwali la kuzidisha.

Wala hili si jambo jipya katika mkoa huu. Kati ya 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na UNDP, ambao ulifundisha watu wazima wa mikoa ya ziwa kusoma na kuhesabu kupitia pamba, migomba na uvuvi. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu karibu milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza, na hakuna aliyezuiwa mlangoni kwa sababu ya alama zake za hesabu. Hata leo, dawa ya kichocho, ambayo kwa kanuni hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, hugawiwa shuleni kwa fimbo ya kupimia urefu: mtoto anasimama kando yake, na alama inasema kidonge kimoja, kimoja na nusu au viwili. Mwanasayansi alishafanya hesabu na kuichora kwenye mti. Ugawaji haukupungua usayansi kwa sababu hiyo.

Atainuka mtu aseme: lakini Fizikia ina hesabu, na Kemia ina hesabu. Ndiyo, zinazo, na anayekwambia utazikwepa anakudanganya kama yule wa chupa. Lakini tazameni ni hesabu zipi. Sehemu kubwa ya maswali ya kukokotoa ya kidato cha nne katika masomo hayo ni uwiano, asilimia, kubadili vipimo, kusoma grafu na kuhamisha herufi moja upande wa pili wa mlinganyo. Hayo ni mambo ya darasa la tano hadi kidato cha pili, na mtu mzima anayejua kugawa fedha za upatu anayaweza kwa miezi michache ya kazi ya kila siku. Yanayobaki ni kujua ni lini ugawanye na lini uzidishe, na hilo linatoka kwenye kuielewa sayansi yenyewe. Mwanafunzi anayeelewa kwamba waya mwembamba huupinga umeme zaidi hatashangaa jibu lake likija kinyume. Ataona mwenyewe kwamba amekosea. Anayekariri kanuni bila maana atakuletea mtu mwenye uzito wa gramu 70 na asishtuke.

Kuhusu namna ya kujipima, kwa haraka. Soma kurasa mbili, funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho na baada ya wiki. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima hivyo mara kadhaa walikumbuka asilimia 61 baada ya wiki, na waliosoma tu tena na tena asilimia 40. Kila swali lenye namba, kwanza kisia jibu, kisha kokotoa. Nunua kitabu cha Hesabu cha darasa la tano, usione haya, na umalize sehemu na asilimia kabla ya kugusa Fizikia. Anza na Baiolojia. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita na uifanye kwa saa. Ukiwa mwoga, andika hofu zako kwenye karatasi dakika kumi kabla ya mtihani. Ilijaribiwa na Ramirez na Beilock mwaka 2011 na ikasaidia. Kapime macho. Wachumba, kapimeni damu. Ukihangaika hata na chenji, mwambie mwalimu siku ya kwanza, ili akufundishe kwa vitu vya kushika na akupe muda zaidi. Asiyepita kidato cha pili huanzia Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT. Aliyepita hujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima itamweleza taratibu. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ulizia tarehe wiki hii.