Bei Humtazama Mnunuzi

Bidhaa ileile huweza kuwa na bei tatu kwa siku moja, kutegemea nani kasimama mbele ya meza. Kariakoo, Dar es Salaam, muuza vitenge humpima mteja kwa macho kabla ya kutaja bei: viatu, simu, lafudhi. Asiyejua soko hutajiwa bei ya mzungu. Mzoefu hupunguziwa hadi wapatane.

Wakati mwingine tofauti hiyo hutangazwa. Katika hifadhi ya Serengeti, Mtanzania mtu mzima huingia kwa shilingi 10,000, na mgeni wa nje ya Afrika Mashariki kwa dola 60 au zaidi. Hapo hakuna dhuluma, maana hifadhi ni ya taifa na kila mtu anakijua kiwango chake.

Dhuluma huanza pale mteja asipojua kwamba sura yake imeongezwa kwenye bei. Ian Ayres na Peter Siegelman waliwatuma wanunuzi wa majaribio kwa wauzaji wa magari mapya katika eneo la Chicago, wote wakiwa wamefundishwa kupatana kwa namna moja. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kuwa wanaume weusi walitajiwa bei iliyozidi ya wanaume weupe kwa takriban dola 1,000.

Umaskini nao una bei yake, na ndiyo inayouma zaidi. Kibarua mwenye shilingi elfu moja mfukoni hawezi kununua dumu la mafuta ya kula la lita 5. Hununua ya kupima, kikombe kwa kikombe, na mwisho wa mwezi lita moja imemgharimu zaidi kuliko jirani aliyebeba dumu zima. Maji ni hivyo hivyo: mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo lilieleza kuwa wakazi wa mitaa duni mara nyingi hulipia lita moja mara 5 hadi 10 ya wanacholipa matajiri wa jiji hilohilo, kwa sababu bomba halijawafikia.

Hata nafuu iliyokusudiwa kwa maskini yaweza kumpita. Viwango vya umeme vya Tanzania vya 2016 viliweka shilingi 100 kwa uniti kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 292 kwa inayozidi, kabla ya kodi. Lakini nyumba ya kupanga yenye familia nne na mita moja ya LUKU huvuka uniti 75 upesi, na kila mpangaji hulipa bei ya juu, hata mwenye taa mbili na redio tu.