Ugonjwa wa kurithi si laana



Mgonjwa ni mtu mzima. Anachoka upesi na kuishiwa pumzi, kwa sababu valvu ya moyo inayopitisha damu kwenda kwenye mshipa mkuu imekakamaa. Madaktari wanampasua ili waibadilishe. Wakiufungua moyo, wanakuta valvu ni nyeusi kama iliyomwagiwa wino.

Hayo yamewakuta madaktari katika nchi mbalimbali. Ugonjwa wenyewe ni nadra na unaitwa alkaptonuria. Mwili hukosa kimeng'enya kimoja cha kuvunjavunja sehemu ya protini tunayokula. Asidi inayobaki hutoka kwenye mkojo, ambao ukikaa hugeuka mweusi. Nyingine hujikusanya kwa miaka mingi kwenye viungo, mgongo na valvu za moyo.

Mwaka 1902, daktari Archibald Garrod wa London alieleza kuwa watu huzaliwa nao. Mtoto huupata akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, ambao mara nyingi wao ni wazima. Kwa wazazi hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

Je, ungetokea katika ukoo wenu, mngesemaje? Wengi wetu tungetafuta mchawi, laana ya babu au dhambi ya mama. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, katika Yohana sura ya 9. Bwana hakumlaumu yule mtu wala wazazi wake. Alimponya.

Daktari aliyeikuta valvu nyeusi naye haulizi nani alikosa. Anaitoa, anaweka nyingine. Lakini valvu mpya haiondoi ugonjwa uliomo mwilini. Mgonjwa ataendelea kuhudhuria kliniki, na ndugu zake nao yafaa wapimwe. Atahitaji watu wa kutembea naye.

Ndugu yangu, huenda leo umeketi benchi moja na mama mwenye mtoto mgonjwa tangu kuzaliwa. Ameombewa laana ivunjwe mara nyingi, na kila mara amerudi nyumbani na hatia juu ya mzigo aliokuwa nao. Muombee, ndiyo. Kisha muulize kliniki ni lini, umchangie nauli, ukiweza umsindikize.

Jumapili njema.